Dhahabu, Uzi na Udongo: Wahandisi Walivyojifunza Kuhesabu Umbali

Tarehe 18 Oktoba 1913, huko Transcona, nje kidogo ya mji wa Winnipeg nchini Kanada, ghala jipya la nafaka la shirika la reli la Canadian Pacific lilianza kuzama ardhini. Lilikuwa jengo la zege lenye mapipa 65 ya mviringo, yote yamekaa juu ya bamba moja la msingi lenye upana wa mita 23 na nusu na urefu wa karibu mita 60. Ngano ilikuwa imeanza kumiminwa humo mwezi uliotangulia, na kufikia siku hiyo zilikuwa zimeshaingia busheli 875,000 kati ya milioni moja zilizokusudiwa. Kwanza jengo lilishuka kiasi cha sentimita 30 kwa muda wa saa moja hivi. Kisha likaanza kulalia upande wa magharibi, na kufikia kesho yake lilikuwa limeinama takriban digrii 27. Mapipa yenyewe yalibaki mazima. Kilichoshindwa ni ardhi.

Waliolijenga hawakuwa wazembe. Kabla ya kumwaga zege walichimba hadi kina cha msingi, wakaweka bamba dogo la majaribio, wakalibebesha mzigo na kupima jinsi udongo ulivyoitika. Udongo ulistahimili vizuri, tena kupita walivyohitaji. Lakini bamba dogo huuliza swali dogo. Uzito wake huishia kwenye udongo ulio karibu nalo, ilhali msingi wenye upana wa mita 23 hupeleka uzito wake chini sana. Mwaka 1951 yalichimbwa mashimo ya uchunguzi pale pale Transcona, na mwaka 1953 wahandisi Ralph Peck na F. G. Bryant wakachapisha matokeo: chini ya udongo mgumu wa mfinyanzi ulio juu kulikuwa na mfinyanzi laini zaidi, ambao hakuna aliyeupima kabla ya ujenzi. Walipochukua nguvu ya wastani ya udongo wote uliobeba jengo, wa juu na wa chini, hesabu iliwapa mzigo uliokaribiana mno na ule ulioliangusha ghala. Ghala lenyewe lilikuwa limeshanyanyuliwa zamani, likawekewa nguzo zilizofika kwenye mwamba, likaendelea kutumika.

Vyuo vya uhandisi huisimulia habari hii kama onyo la kuchimba kina cha kutosha, na onyo hilo ni la haki. Ila ndani yake kuna swali kubwa zaidi. Mhandisi hupima vipande vichache vya kitu ambacho hatakiona chote: sampuli kadhaa za udongo, vipande kadhaa vya zege, mita kadhaa za waya. Kitu chenyewe hakiko sawa kila mahali. Basi kipimo cha hapa kinasema nini kuhusu pale, na kwa umbali gani bado kina la kusema? Kwa muda mrefu dawa ya wahandisi ilikuwa kugawa nguvu ya wastani kwa mbili au tatu na kuita matokeo hayo salama. Dawa hiyo iliokoa maisha mengi, nami siidharau. Lakini haikuwa na mahali pa kuingiza umbali.

Mmoja wa watu wa mwanzo kuligeuza swali hili kuwa jaribio ni Leonardo da Vinci. Katika maandishi yake alieleza jinsi ya kupima nguvu ya waya wa chuma wenye urefu wa dhiraa mbili. Unaufunga waya juu, chini yake unaning'iniza kikapu. Pembeni unaweka chombo cha mchanga laini chenye tundu dogo, mchanga uwe unaingia kikapuni polepole. Waya ukikatika, springi inaliziba tundu mara moja ili mchanga usizidi, na kikapu kinaanguka umbali mfupi tu ili kisimwagike. Unapima uzito wa mchanga, unaandika waya umekatikia wapi, unarudia kuhakikisha. Kisha unachukua waya wa nusu ya urefu ule, halafu wa robo, na kila mara unaandika uzito na mahali. Agizo hilo la kuandika mahali ndilo linalonivutia. Kama waya ungekuwa sawa kote, mahali pa kukatikia pasingekuwa na maana yoyote.

Galileo, katika kitabu chake cha mwaka 1638, aliona ni kosa kudhani kwamba kamba ndefu ni dhaifu kuliko fupi yenye unene ule ule. Kamba hukatikia mahali pamoja, na mahali hapo hapajui urefu uliobaki. Kwa kamba kamilifu alikuwa sahihi. Mfaransa Edme Mariotte, katika kitabu kilichotolewa mwaka 1686, miaka miwili baada ya kifo chake, alikubali hoja hiyo lakini akaongeza sharti: isipokuwa kamba ndefu iwe na mahali penye kasoro. Na kamba ikiwa ndefu zaidi, nafasi ya kasoro kuwamo ndani yake inakuwa kubwa zaidi.

Sharti la Mariotte lilikaa zaidi ya miaka mia mbili kabla ya kupata hesabu yake kamili, na ilitoka kwa watu wa pamba. Mwaka 1926 F. T. Peirce, mtafiti wa chama cha utafiti wa viwanda vya pamba vya Uingereza, alichapisha makala kuhusu nguvu ya nyuzi ndefu. Viwandani walikuwa wanapima vipande vifupi vya uzi kwenye mashine, ilhali uzi unaokwenda kwenye kitanda cha kufumia ni mrefu mno. Peirce alisema: ugawe uzi mrefu katika vipande vifupi, na uhesabu uwezekano wa vyote kustahimili. Tuseme kipande kimoja kina uwezekano wa moja kwa mia wa kukatika kwa mzigo fulani. Uzi wa vipande kumi utakatika karibu mara moja katika kumi. Uzi wa vipande mia utakatika zaidi ya mara sita katika kumi. Wastani wa vipande haukubadilika hata kidogo, lakini uzi mrefu umekuwa kitu kingine.

Mswidi Waloddi Weibull aliitumia hoja kama hiyo mwaka 1939 na kuitandaza juu ya vitu vyote vinavyovunjika ghafla, kama kauri na kioo. Badala ya urefu aliweka ujazo. Katika fomula yake, namba moja inaeleza jinsi nguvu ya kitu inavyotawanyika. Namba hiyo ikiwa 10, ambayo ni ya kawaida kwa kauri nyingi, kuongeza ujazo mara mbili kunapunguza nguvu kwa asilimia 7 hivi, na kuuongeza mara elfu kunaipunguza hadi nusu. Mwaka 1951 alirudi na makala nyingine, safari hii katika jarida la wahandisi wa mitambo wa Marekani, akionyesha kwamba mchoro ule ule unalingana na chuma cha Bofors, nyuzi za pamba ya India, urefu wa wanaume wa Uingereza na upana wa maharage. Makala hiyo ndiyo iliyompa jina duniani.

Lakini hesabu ya Peirce na ya Weibull ilikuwa na dhana iliyokaa kimya ndani yake. Kila kipande kilihesabiwa kana kwamba hakina habari na kipande kilicho jirani. Kasoro ikiwa hapa, haikuambii lolote kuhusu sentimita inayofuata. Kwa nyufa ndogo ndani ya kioo hiyo ni dhana ya kuaminika. Kwa mwamba au udongo haifai. Ardhi iliwekwa na mito, bahari, upepo na volkano, na mto ulioacha mchanga hapa uliacha mchanga pia hatua tatu mbele. Majirani hufanana, na kufanana kwao hupungua kadiri unavyokwenda mbali. Kilichohitajika ni mtu wa kulipa jambo hilo namba, naye alitoka kwenye machimbo ya dhahabu.

Dhahabu ya Witwatersrand, Afrika Kusini, iliyogunduliwa mwaka 1886, haipatikani kwa vipande vinavyong'aa. Imo ndani ya tabaka jembamba la kokoto nyeupe zilizogandamana, dhahabu yenyewe ikiwa chembechembe ambazo kwa kawaida jicho halizioni. Tabaka hilo linashuka chini kwa mteremko, na migodi ililifuata kilomita nyingi ardhini. Wachimbaji walipitisha njia kandokando ya kila kizuizi, yaani pande kubwa la mwamba walilokusudia kulichimba baadaye. Kila baada ya futi chache, ukutani mwa njia hizo, ilichongwa sampuli: mfereji mwembamba unaokata tabaka kutoka juu hadi chini, kwa nyundo na tindo, vipande vinakingwa visipotee, vinatiwa mfukoni na kupewa namba, kisha vinapelekwa maabara kuyeyushwa na kupimwa. Kazi hiyo ya tindo, kwenye joto na vumbi, ilifanywa kwa sehemu kubwa na vibarua Waafrika kutoka Msumbiji, Basutoland na Nyasaland, na baadhi, walioandikishwa na Wenela, shirika la kuajiri vibarua wa migodi, walitoka hata kusini-magharibi mwa Tanganyika. Majina yao hayamo katika makala yoyote ya takwimu, lakini vipimo vya dhahabu vinavyofuata katika habari hii vilitoka mikononi mwa watu kama hao.

Wakadiriaji wa migodi walichukua sampuli za kando ya kizuizi, wakatafuta wastani, na wastani huo ukawa thamani ya kizuizi kizima. Ukipita kiwango fulani, kinachimbwa. Ukipungua, kinaachwa. Na kwa miaka mingi migodi iliona jambo lililoisumbua: vizuizi vilivyokadiriwa kuwa tajiri sana, vikishachimbwa, vilitoa dhahabu pungufu ya makadirio. Vile vilivyokadiriwa kuwa maskini, vilipochimbwa, vilitoa zaidi. Baadhi ya migodi ilikuwa na namba zake za kusahihisha makadirio, zilizotokana na mazoea, bila mtu kueleza kwa nini zinafanya kazi.

Aliyekuja kueleza ni Danie Krige. Alizaliwa mwaka 1919 huko Bothaville, jimbo la Orange Free State, akasomea uhandisi wa migodi katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Baada ya miaka michache migodini alijiunga mwaka 1943 na ofisi ya serikali iliyosimamia migodi, na huko alipata kitu ambacho mhandisi wa mgodi mmoja asingekipata: vipimo vya sampuli vya migodi mingi, kwa maelfu. Mtakwimu Herbert Sichel alikuwa ameshaonyesha miaka ya 1940 kwamba vipimo vya dhahabu havitawanyiki sawasawa pande zote mbili za wastani. Vingi viko chini, na vichache viko juu mno, lakini ukichukua logarithimu zake vinakaa kwa mpangilio unaoeleweka. Krige alianzia hapo.

Maelezo aliyotoa katika makala yake ya Desemba 1951 ni rahisi yakishasemwa. Tuseme wastani wa mgodi mzima ni 10, na sampuli za kizuizi fulani zinatoa 20. Kizuizi hicho kinaweza kuwa tajiri kweli. Kinaweza pia kuwa cha kawaida, ila tindo ilibahatika kupita penye chembe nyingi. Ukikusanya vizuizi vyote vilivyotoa 20, ndani yake mna vilivyo tajiri kweli na vilivyobahatika, na thamani yake halisi kwa pamoja itakuwa mahali fulani kati ya 10 na 20. Kwa vizuizi vilivyotoa 4 mambo ni kinyume chake: baadhi yake vilipata bahati mbaya ya tindo. Kwa hiyo makadirio mazuri ya kizuizi hayatokani na sampuli zake peke yake. Yanatokana na kuzichanganya sampuli hizo na wastani wa eneo zima, kwa mizani inayotegemea wingi wa sampuli na jinsi thamani zinavyotawanyika ndani ya kizuizi na kati ya vizuizi. Krige alizikokotoa mizani hizo kutokana na vipimo halisi, na namba za kusahihisha za wazee wa migodi zikapata sababu yake.

Makala ya Krige ilitafsiriwa kwa Kifaransa mwaka 1955, na ilimfikia mtu aliyekuwa tayari anahangaika na jambo hilo hilo. Georges Matheron, aliyezaliwa mwaka 1930, alikuwa mhandisi kijana wa Kifaransa aliyepelekwa Algeria mwaka 1954, katika ofisi ya utafiti wa madini. Alikuwa mwanahisabati kwa asili yake, na swali aliloliona ndani ya kazi ya Krige lilikuwa la msingi zaidi: sampuli mbili zikiwa mbalimbali kwa umbali huu, tutarajie zitofautiane kwa kiasi gani?

Njia yake inaweza kufanywa na mtu yeyote mwenye ramani ya sampuli na uvumilivu. Chukua sampuli zote mbili mbili. Kwa kila jozi, pima umbali kati yake na utafute tofauti ya vipimo vyake, kisha uizidishe tofauti hiyo kwa yenyewe. Jozi zilizo mita 5 mbalimbali ziweke pamoja, utafute wastani wao. Za mita 10 vivyo hivyo, za mita 20 vivyo hivyo. Chora. Mara nyingi utaona mstari unaoanzia chini na kupanda, kwa sababu majirani hufanana, halafu unafika mahali unatandazika. Umbali huo wa kutandazika ni wa thamani kubwa. Ndani yake sampuli ina la kusema kuhusu jirani yake. Nje yake haina zaidi ya kile ambacho wastani wa eneo zima umeshasema. Na mstari huo hauanzi sifuri kila mara. Katika dhahabu, sampuli mbili zilizochongwa bega kwa bega bado zinaweza kutofautiana sana, kwani chembe moja nene imeangukia huku na sio kule.

Kutokana na mchoro huo Matheron alitunga njia ya kukadiria thamani ya mahali popote ambapo hapajapimwa. Sampuli ya karibu inapewa uzito mkubwa, ya mbali uzito mdogo, na sampuli zilizorundikana pamoja zinagawana uzito wao kwa kuwa zote zinarudia habari moja. Zaidi ya hapo, njia inakupa pia ukubwa wa kosa unalopaswa kulitarajia. Sayansi hiyo aliiita jiostatistiki, na njia ya kukadiria ikaitwa kwa jina la Krige. Kitabu chake kikubwa kilitoka kuanzia mwaka 1962, na mwaka 1968 kituo chake kilianzishwa Fontainebleau, karibu na Paris. Wengine walifika karibu na hapo kwa njia zao: Bertil Matérn akipima misitu ya Uswidi, na Lev Gandin huko Leningrad akichora ramani za hali ya hewa kutoka vituo vilivyotawanyika. Krige aliishi hadi mwaka 2013 na kuliona jina lake likitumika kwa dhahabu, mafuta, uchafuzi wa maji na mengineyo.

Wajenzi wa misingi walichelewa. Nadhani sababu mojawapo ni kwamba mgodi hupata jibu lake: kizuizi kikichimbwa, dhahabu inapimwa na makadirio yanaumbuka au yanasifiwa. Msingi wa jengo hutoa jibu pale tu unaposhindwa, na mingi haishindwi. Mwaka 1966 Peter Lumb, aliyefundisha Hong Kong, alichapisha uchunguzi wa jinsi udongo wa asili wa huko unavyotofautiana, mfinyanzi wa baharini na udongo uliotokana na mwamba uliooza, akionyesha kwamba tofauti hizo zina mpangilio unaoweza kuelezwa kwa takwimu. Lumb aliupa udongo heshima ya kutofautiana.

Hatua kubwa ilikuja Novemba 1977, katika makala ya Erik Vanmarcke, aliyekuwa katika chuo cha MIT, Marekani. Alisema udongo wa eneo lolote unahitaji namba tatu. Ya kwanza ni wastani wa nguvu yake. Ya pili ni kiasi cha kutawanyika kuzunguka wastani huo. Ya tatu, ambayo ndiyo ilikuwa mpya kwa wajenzi, ni umbali: urefu ambao ndani yake udongo hukaa upande mmoja wa wastani kabla haujavuka kwenda upande wa pili. Ukishuka na kifaa cha kupimia ndani ya shimo utauona. Kwa nusu mita udongo ni mgumu kuliko wastani, kisha kwa nusu mita nyingine ni laini, kisha mgumu tena. Eneo lingine lina wastani ule ule na kutawanyika kule kule, lakini mabadiliko yake huchukua mita tano. Kwenye jedwali la maabara ya siku zile maeneo hayo mawili yangeandikwa kwa namba zinazolingana. Kwa nguzo ya msingi ni ardhi mbili tofauti kabisa.

Chukua nguzo yenye urefu wa mita 10 inayoshikiliwa na msuguano wa udongo pande zake. Ikiwa umbali wa Vanmarcke ni mita 1, nguzo inapita katika sehemu nyingi, ngumu na laini, na zinafidiana. Hesabu inaonyesha kwamba kutawanyika kwa nguvu ya jumla kunashuka hadi karibu theluthi moja ya kule kulikopimwa kwenye sampuli ndogo. Ikiwa umbali huo ni mita 20, nguzo nzima inaweza kuwa imesimama ndani ya eneo moja dhaifu, na hakuna cha kufidia. Mhandisi wa zamani aliyegawa kwa tatu alikuwa anamwaga fedha katika hali ya kwanza, na katika ya pili labda hakuwa salama kama alivyoamini. Mwaka 1983 Vanmarcke aliyakusanya haya katika kitabu kizima.

Hapo kukawa na mafundisho mawili yanayokinzana kwa sura. Uzi wa Peirce unasema ukubwa unadhuru, kwa kuwa sehemu dhaifu kuliko zote ndiyo inayoamua. Nguzo ya Vanmarcke inasema ukubwa unasaidia, kwa kuwa sehemu ngumu hubebana na laini. Msingi wa jengo, mteremko wa barabara au tuta la bwawa unafuata lipi? Hili ndilo jambo ninaloliona kuwa kiini cha somo zima, na jibu lilingoja kompyuta.

Gordon Fenton, aliyesoma chini ya Vanmarcke huko Princeton, alitengeneza mwaka 1990 njia ya kuzalisha ndani ya kompyuta udongo wa kubuni wenye namba zote tatu. Akishirikiana na D. V. Griffiths, aliuingiza udongo huo katika hesabu zinazogawa ardhi kuwa vipande vidogo na kuacha kila kipande kibebe mzigo kwa nguvu yake. Kisha wakarudia maelfu ya mara, kila mara udongo mpya wenye namba zile zile. Mwaka 1993 walichapisha matokeo ya maji yanayopenya chini ya mabwawa, baadaye ya misingi na miteremko.

Katika vitabu vya kawaida, udongo ulio chini ya msingi hukatika kwenye mkunjo laini, unaolingana kushoto na kulia, kwa sababu mwandishi wa hesabu ameshauchora mapema. Katika udongo wa Fenton na Griffiths hakuna aliyechora. Ufa ulijitafutia njia, ukazunguka sehemu ngumu, ukaungana na sehemu laini, ukatokea upande mmoja tu. Kwa hiyo msingi juu ya udongo usio sawa, kwa wastani, ulibeba pungufu ya msingi juu ya udongo ulio sawa kote wenye nguvu ile ya wastani. Wastani wa kawaida ulikuwa unaahidi kitu ambacho ardhi haikitoi. Na hali mbaya kuliko zote ilitokea pale ambapo umbali wa mabadiliko ya udongo ulikaribiana na upana wa msingi wenyewe. Umbali ukiwa mfupi mno, sehemu dhaifu hazina nafasi ya kuungana, zinafidiana. Ukiwa mrefu mno, msingi unaona udongo mmoja tu, mzuri au mbaya. Katikati, ufa hupata njia.

Mnara wa Pisa umesimama juu ya hali ya namna hiyo. Msingi wake una kipenyo cha mita 19.6, na tabaka la juu la udongo chini yake, lenye unene wa mita kumi hivi, lina matope mengi zaidi upande wa kusini kuliko kaskazini. Ujenzi ulianza mwaka 1173, na mnara ukalalia kusini.

Kanuni nazo zikaanza kufuata. Eurocode 7, kanuni ya Ulaya ya misingi iliyotolewa mwaka 2004, inamtaka mhandisi akumbuke kwamba eneo la udongo linaloamua usalama wa jengo mara nyingi ni kubwa kuliko sampuli, na kwamba namba ya kutumia ni makadirio ya tahadhari ya wastani wa eneo hilo. Lakini pale ambapo jengo linaweza kushindwa kwa sababu ya sehemu ndogo tu, namba itafutwe kwa udhaifu wa sehemu hiyo. Kwa aya hizo fupi, uzi wa Peirce na nguzo ya Vanmarcke vimekaa ukurasa mmoja.

Kilichobaki ni kuzipata namba zenyewe. Mwaka 1999 Kok-Kwang Phoon na Fred Kulhawy walikusanya vipimo vilivyokuwa vimechapishwa duniani. Kwa nguvu ya mfinyanzi kwenda chini, umbali wa mabadiliko ulikuwa kwa wastani mita 2.5, kwenda pembeni ulikuwa kiasi cha mita 50. Inaeleweka, kwani udongo uliwekwa tabaka juu ya tabaka. Ila vipimo vya kwenda chini ni vingi, maana kifaa kikishuka shimoni husoma kila sentimita chache. Vya kwenda pembeni ni vichache, kwa kuwa kila nukta moja ni shimo jipya, mashine ya kusogezwa tena na fedha mpya. Mashimo ya mradi wa kawaida huwekwa mbalimbali ili kufunika kiwanja chote, na mashimo yaliyotengana hivyo hayawezi kukuambia udongo unafanana na jirani yake hadi wapi. Ndiyo maana mhandisi anayejali umbali huomba machache yachimbwe karibukaribu, mita tatu au nne tu kutoka moja hadi jingine. Mwenye mradi huuliza kwa nini alipie shimo mahali ambapo jingine limeshachimbwa. Mhandisi atamjibu kwamba jozi hiyo ndiyo itakayomwambia aamini kwa kiasi gani yale mashimo mengine yote aliyokwisha kuyalipia.